Tuondoe Kutu Ndani ya Tangi la Pikipiki

Zamani pikipiki kijijini ilikuwa ya bwana shamba au ya mganga wa zahanati. Siku hizi mambo yamebadilika. Pikipiki inabeba mama mjamzito usiku kwenda kujifungua. Inabeba mbolea, madumu ya maziwa, matenga ya nyanya na wanafunzi. Kaya nyingi zinakula kwa sababu ya pikipiki moja.

Lakini pikipiki hii ina adui anayekaa ndani yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Adui huyo ni kutu iliyomo ndani ya tangi la mafuta. Kwa nje tangi linang'aa, lina rangi nzuri na maandishi ya kupendeza. Kwa ndani linaoza. Siku moja, katikati ya pori na mgonjwa yuko nyuma, pikipiki inazima.

Katika somo letu la leo tutajifunza mambo manne:
1. Kutu na uchafu wa tangi hutoka wapi.
2. Dalili za tangi lenye kutu.
3. Namna ya kulisafisha bila kuleta moto.
4. Namna ya kuzuia kutu isirudi.

Soma pole pole. Kama unasoma na kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuate.

KUTU HUTOKA WAPI?

Matangi mengi ya pikipiki ni ya chuma. Ukitaka kuhakikisha, weka sumaku. Ikinasa, hilo ni chuma. Tangi la plastiki halipati kutu.

Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, hupata kutu. Vitu hivyo viwili lazima viwepo vyote. Kimoja kikikosekana, kutu haitokei. Usiamini kwa maneno tu, jaribu mwenyewe.

Jaribio la misumari mitatu

Tafuta misumari mitatu mipya ya mbao. Usitumie misumari ya bati, maana hiyo imepakwa madini ya kuzuia kutu. Ioshe kwa sabuni, ikaushe. Tafuta chupa tatu za kioo.

Chupa ya kwanza: tia msumari, kisha tia maji yafike nusu ya msumari.
Chupa ya pili: tia msumari, kisha tia mafuta ya kula mpaka msumari uzame wote.
Chupa ya tatu: hakikisha ni kavu kabisa. Tia msumari mkavu, funga kifuniko kwa nguvu.

Angalia baada ya siku 7. Msumari wa kwanza utakuwa mwekundu kwa kutu. Wa pili na wa tatu itabaki mizima. Wa pili ulikingwa na mafuta, na wa tatu ulikosa maji.

Sasa rudi kwenye tangi lako. Petroli yenyewe haileti kutu. Sehemu ya tangi iliyofunikwa na petroli ni kama msumari wa pili. Ubaya uko mahali pawili: juu, penye hewa yenye unyevu, na chini kabisa, maji yanapolala.

Maji yanaingiaje?

Utauliza, "Mimi sijawahi kutia maji kwenye tangi. Yametoka wapi?" Yana njia nne.

Njia ya kwanza ni hewa. Mchana tangi linapata joto, usiku linapoa. Hewa iliyomo ndani ikipoa, unyevu wake unageuka matone, kama yale unayoyaona chini ya mfuniko wa sufuria. Tangi likiwa nusu tupu, hewa ni nyingi, kwa hiyo na matone ni mengi.

Njia ya pili ni kifuniko. Mpira wa kifuniko ukichakaa, mvua inapenya.

Njia ya tatu ni petroli ya chupa. Chupa iliyooshwa sasa hivi na kujazwa petroli kabla ya kukauka ina maji ndani.

Njia ya nne ni sisi wenyewe, tunapoosha pikipiki kwa kumwaga ndoo nzima juu ya kifuniko.

Kwa wenzetu wa pwani, kama Tanga, Bagamoyo na Unguja, kuna jambo la zaidi. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu.

Maji ni mazito kuliko petroli. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita 1 ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Tena maji hayachanganyiki na petroli, kwa hiyo huzama chini na kukaa hapo. Hapo ndipo tangi hutoboka.

Na utando mweusi au wa kahawia?

Kutu si uchafu peke yake. Petroli ikikaa miezi mingi bila kutumika, sehemu yake nyepesi huruka hewani. Inabaki ile nzito, ambayo hugeuka kuwa utando unaonata kama utomvu. Petroli ya namna hiyo hunuka vibaya na rangi yake huwa ya giza. Utando ule huziba matundu madogo ya kabureta.

DALILI ZA TANGI LENYE KUTU

- Injini inakohoa na kukosa nguvu, hasa kwenye mlima.
- Pikipiki inazima mara tu unapofungua rizevu.
- Pikipiki inasumbua baada ya mvua au baada ya kukaa muda mrefu.
- Chujio la mafuta lina unga mwekundu.
- Ukimulika ndani ya tangi kwa tochi ya betri, unaona madoa mekundu. Narudia: tochi ya betri. Usiwashe kiberiti wala mshumaa. Wapo watu walioungua uso kwa kosa hilo moja.

Jaribu pia hivi. Chukua petroli kidogo kutoka chini ya tangi, itie katika chupa safi ya kioo. Iache itulie nusu saa. Kama kuna maji, utaona mstari: petroli juu, maji chini. Kama kuna kutu, utaona unga mwekundu umelala chini ya maji.

Kwa nini pikipiki inazima ukifungua rizevu? Ndani ya tangi, koki ina mirija miwili. Mmoja ni mrefu, mdomo wake uko juu kidogo ya sakafu ya tangi. Huo ndio unaotumika siku zote. Mwingine ni mfupi, mdomo wake uko chini kabisa. Huo ni wa rizevu. Sasa fikiri: maji na kutu vinalala wapi? Chini. Ukifungua rizevu, unakunywesha injini yale machicha.

Tahadhari moja. Pikipiki ikizima, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia "fyuu" kisha ikawaka vizuri, huenda tatizo si kutu. Kifuniko kina kitundu cha kupumulia. Kikiziba, petroli haishuki. Safisha kitundu hicho kwanza kabla hujafungua tangi zima.

MAZUNGUMZO: DAFTARI LA MAMA

Tuchukue mfano wa mama mmoja aliyenunua pikipiki kwa mkopo wa kikundi. Kijana anaiendesha na kumletea hesabu kila jioni. Kwa siku kadhaa hesabu imepungua.

Dereva: Shikamoo mama.
Mama: Marahaba mwanangu. Mbona leo umerudi mapema? Na hesabu ndiyo hii tu?
Dereva: Mama, pikipiki imenizimia tena. Abiria wangu kashuka, kapanda nyingine.
Mama: Kila siku imezima, kila siku imezima! Majirani wananiambia unauza petroli yangu.
Dereva: Hakyamungu mama, sijauza hata tone. Twende kwa fundi ukasikie mwenyewe.

(Wanafika kwa fundi.)

Fundi: Karibu mama. Habari za nyumbani?
Mama: Nzuri, baba. Huyu kijana anasema pikipiki inazima. Mimi nimeandika kila siku ilipozima. Daftari hili hapa.
Fundi: Hebu nisomee.
Mama: Jumatatu: ilizima mara mbili, rizevu imefunguliwa. Jumanne: haikuzima, tangi lilijazwa asubuhi. Jumatano: haikuzima. Alhamisi: mvua usiku, asubuhi imegoma kuwaka. Ijumaa: imezima mlimani, rizevu tena.
Fundi: Mama, daftari lako limefanya nusu ya kazi yangu. Tangi likijaa haizimi. Ikifika rizevu inazima. Mvua ikinyesha inagoma. Hapo kuna maji na kutu. Ngoja nimulike. (Anamulika kwa tochi.) Njoo uone mwenyewe.
Mama: Masalale! Mbona pekundu hivyo?
Fundi: Ndiyo hivyo. Huyu kijana hakuiba petroli. Kutu ndiyo iliyokuwa ikikuibia.
Mama: Basi mwanangu, nisamehe. Maneno ya watu yangenikosesha mtu mwaminifu.
Dereva: Yamekwisha mama. Tulisafishe tu.

Ndugu msomaji, umeona faida ya kuandika? Mama huyu hakujua ufundi. Lakini aliandika siku, mahali na hali. Kalamu ikaokoa pikipiki, na ikaokoa kazi ya kijana.

KWANZA TUJIHADHARI NA MOTO

Kabla ya kushika spana, soma sehemu hii mara mbili.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli iliyomwagika, wakiwemo waendesha bodaboda. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Petroli haina urafiki na mtu yeyote.

Kinacholipuka ni mvuke wa petroli. Hatuuoni kwa macho. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini kama maji. Unaweza kutoka hapa unapofanya kazi, ukafika kwenye jiko la mkaa lililo upande wa pili wa uwanja, ukashika moto na kurudi mpaka mkononi mwako.

Jambo la pili: tangi tupu linaweza kuwa na hatari kubwa kuliko tangi lililojaa. Watu wengi hawalijui hili. Tangi lililojaa lina hewa kidogo. Tangi tupu lina mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ndio unaolipuka. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote kuchomelea tangi eti kwa sababu halina mafuta.

Shika masharti haya:
1. Fanya kazi nje, penye upepo, mbali na nyumba.
2. Pasiwe na sigara, jiko, kibatari wala moto wowote karibu.
3. Zima simu yako, iweke mbali.
4. Fukuza watoto na mifugo.
5. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji. Maji huusambaza.
6. Usinyonye petroli kwa mdomo kwa mpira. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Mtu akiimeza, usimtapishe. Mpeleke zahanati au hospitali mara moja.
7. Petroli chafu usiitie kwenye taa au jiko la mafuta ya taa. Italipuka.
8. Usihifadhi petroli kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hajui kusoma, atakunywa. Tumia dumu lenye kifuniko, liandike kwa herufi kubwa: PETROLI, HATARI.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

- Spana na bisibisi za kufungulia tangi na koki.
- Dumu lenye kifuniko la kuwekea petroli.
- Sabuni ya unga na maji safi mengi.
- Kipande cha mnyororo mwembamba, urefu wa mita 1 hivi.
- Siki nyeupe, au unga wa asidi ya sitriki. Huu ni ule ukali uliomo kwenye ndimu na limau. Huuzwa mjini kwenye maduka ya malighafi za sabuni na juisi.
- Magadi.
- Mpira wa tyubu kuukuu wa kuzibia matundu.
- Oili safi ya injini, kidogo.
- Chujio jipya la mafuta.
- Glovu na miwani ya kukinga macho.

Kwa nini siki? Mama zetu wanajua siku nyingi kwamba ukwaju na limau husafisha sinia za shaba. Ukali wake hula uchafu wa madini. Siki na asidi ya sitriki hula kutu kwa njia hiyo hiyo, tena pole pole, bila kukila chuma upesi.

Wapo wanaoshauri asidi ya betri. Kataa. Asidi hiyo haichagui. Inakula kutu, inakula na chuma, tangi linabaki jembamba kama karatasi. Tone moja likiingia jichoni linaweza kukupofusha.

KAZI YENYEWE

Kazi hii huchukua siku mbili. Chagua siku za jua.

Siku ya kwanza

1. Injini iwe imepoa kabisa. Chomoa waya wa betri, ule wa alama ya kutoa (-).

2. Weka dumu chini, juu ya ardhi. Funga koki, chomoa mpira wa mafuta unaokwenda kwenye kabureta, kisha fungua koki petroli ishuke polepole ndani ya dumu. Funga dumu, lipeleke mbali kivulini.

3. Fungua kiti, kisha fungua tangi na ulitoe. Fungua koki na chujio lake dogo. Kama kuna geji ya mafuta ndani ya tangi, itoe nayo. Boliti na mipira yote weka katika bakuli moja. Andika kwenye karatasi kila kitu kilitoka wapi.

4. Tia maji ya sabuni, tikisa, mwaga. Rudia mara 3 au zaidi. Hata kama harufu imepungua, bado lione tangi hilo kuwa ni hatari kwa moto. Maji haya usiyamwage mtoni wala karibu na kisima. Chimba shimo dogo mbali na maji.

5. Ziba tundu la koki na la geji kwa vipande vya mpira wa tyubu, ukivibana kwa boliti.

6. Funga waya imara kwenye ncha moja ya mnyororo. Ingiza mnyororo ndani ya tangi, ukiacha ncha ya waya nje ili uweze kuuvuta. Tia maji ya sabuni nusu tangi. Ziba mdomo kwa kitambaa. Sasa watu wawili mlishike, mlitikise juu ya blanketi kuukuu, dakika 10 kila upande. Maji yatatoka mekundu kama udongo wa kichuguu. Suuza, rudia mpaka maji yawe mepesi.

Usitikise mnyororo ndani ya tangi kavu. Chuma kikigonga chuma hutoa cheche. Maji ya sabuni ndiyo ulinzi wako. Tena usitie mawe madogo bila kuyahesabu. Jiwe moja likibaki litaziba koki, na utarudi pale pale ulipoanza. Mnyororo ni bora, maana unatoka wote.

7. Toa mnyororo. Jaza tangi siki mpaka juu. Kama unatumia unga wa asidi ya sitriki, yeyusha gramu 50 katika kila lita ya maji ya moto, acha mchanganyiko upoe kiasi, kisha jaza. Usifunge kifuniko kwa nguvu. Asidi inapokutana na chuma hutoa gesi, na gesi hiyo inashika moto. Acha mdomo wazi kidogo, weka tangi nje, mbali na moto na watoto. Siki ikimwagikia rangi ya nje, isuuze mara moja.

Siki ikiwa haitoshi kujaza, tia nusu na ugeuze tangi kila baada ya saa chache. Lakini kujaza ni bora. Liache mpaka kesho yake, karibu saa 24.

Siku ya pili

8. Asubuhi mulika ndani kwa tochi. Kutu ikiwa imetoka, utaona chuma cha rangi ya kijivu. Kama madoa mazito bado yapo, rudisha mnyororo na utikise tena, ukitumia siki ile ile. Kisha mwaga siki.

9. Yeyusha magadi, vijiko 2 vya chakula kwa kila lita ya maji. Tia ndani ya tangi. Povu litapanda, usishtuke. Magadi yanaua ukali wa asidi iliyobaki. Usizibe mdomo mpaka povu litulie. Tikisa, mwaga, kisha suuza kwa maji safi mara 2.

10. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chuma kisicho na kinga hushika kutu mpya upesi sana. Ukienda kula chakula cha mchana, utarudi ukute wekundu. Kwa hiyo usipumzike. Mwaga maji yote, geuza tangi pande zote, lipulizie hewa kwa pampu ya baiskeli. Liweke kwenye jua kali, matundu yote yakiwa wazi. Usilikaushe kwa moto wala kwa jiko la mkaa. Geuza geuza mpaka pasibaki hata tone.

11. Changanya nusu lita ya petroli safi na vijiko 3 vikubwa vya oili safi. Ziba matundu, tia mchanganyiko huo, zungusha tangi taratibu ili kila kona ipakwe. Mwaga kwenye dumu. Sasa chuma chako ni kama ule msumari wa pili, umevaa koti la mafuta.

12. Osha koki na chujio lake. Mpira wa koki ukiwa umepasuka, nunua mwingine. Fungua kikombe cha kabureta, ondoa unga mwekundu uliotua humo. Weka chujio jipya kwenye mpira wa mafuta. Kama lina mshale, mshale uelekee kwenye kabureta, yaani uelekeo wa petroli.

13. Rudisha tangi, koki na geji. Jaza petroli safi mpaka karibu na mdomo. Kabla ya kuwasha, subiri dakika 15 uone kama panavuja. Kama ni pakavu, rudisha waya wa betri, washa.

Na kama panavuja? Basi kutu ilikuwa imeziba tundu, na sasa tundu limeonekana. Usikasirike. Afadhali limeonekana nyumbani kuliko barabarani, juu ya injini ya moto. Toa petroli yote. Mpelekee fundi anayejua matangi, umweleze kila kitu. Usipande pikipiki hiyo. Isukume.

TUPIGE HESABU

Tangi la lita 10 linahitaji unga wa asidi kiasi gani?
Gramu 50 x lita 10 = gramu 500. Hiyo ni nusu kilo.

Tuseme mwenye pikipiki anapata shilingi 8,000 kwa siku. Kusafisha kunamkosesha siku mbili:
8,000 x 2 = shilingi 16,000.

Tuseme asiposafisha, pikipiki inamkosesha shilingi 3,000 kila siku kwa kuzima zima. Kwa siku 30:
3,000 x 30 = shilingi 90,000.

Tofauti ni shilingi 74,000. Hapo hatujahesabu tangi jipya wala abiria waliohama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sasa andika hesabu ya pikipiki yako mwenyewe, ukiongeza bei ya siki na chujio.

KUZUIA KUTU ISIRUDI

- Pikipiki ikikaa siku nyingi bila kutembea, jaza tangi. Likijaa, hewa yenye unyevu inakosa nafasi.
- Usiilaze kwenye mvua. Kama huna banda, funika kwa turubai.
- Angalia mpira wa kifuniko kila mwezi.
- Nunua petroli kwenye kituo unachokiamini. Ukilazimika kununua ya chupa, angalia kwanza chini ya chupa kama kuna mstari wa maji.
- Kila baada ya miezi 3, toa petroli kidogo kupitia rizevu, uiangalie kwenye chupa ya kioo.
- Andika kwenye daftari tarehe uliyosafisha tangi na tarehe uliyobadili chujio.

MAJERAHA: LA KUFANYA

Asidi au siki ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda zahanati.

Mtu akiungua, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala majivu. Mfunike kwa kitambaa safi, mpeleke zahanati.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kabureta: kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.
Koki: kifungo cha kufungulia na kufungia mafuta chini ya tangi.
Rizevu: akiba ya mafuta ya chini ya tangi.
Mvuke: petroli iliyogeuka kuwa kama hewa.
Magadi: chumvi ya ardhini inayoua ukali wa asidi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Vitu gani viwili vikikutana na chuma huleta kutu?
2. Kwa nini maji hukaa chini ya petroli?
3. Eleza kwa nini tangi tupu linaweza kuwa na hatari kuliko lililojaa.
4. Kwa nini mnyororo hutikiswa pamoja na maji ya sabuni?
5. Kazi ya magadi ni nini?
6. Daftari la mama lilimsaidiaje fundi? Lilimsaidiaje dereva?
7. Tangi la lita 12 linahitaji gramu ngapi za asidi ya sitriki?
8. Petroli inauzwa wapi kijijini kwenu? Je, imewekwa mbali na moto na watoto? Kikundi kiamue la kufanya.

Kazi ya nyumbani: fanya jaribio la misumari mitatu. Baada ya siku 7, andika ulichokiona katika sentensi tano. Lete kwenye kikundi, msomeane.

Ndugu msomaji, kama kwenu hakuna pikipiki, mpe gazeti hili jirani aliye nayo. Kama hajui kusoma, msomee. Huenda siku moja ni yeye atakayekubeba wewe usiku kwenda zahanati.